Mlango wa Saa Nne

Kila asubuhi Athanasie aliaga kwa maneno yale yale. Akiwa amekwisha kumkamua ng'ombe wao mmoja aliyebaki, bidoni, dumu la maziwa, kichwani na jembe mkononi, alisimama kizingitini, akageuka.

"Umurerwa, funga mulango. Mutoto asitoke inje."

"Ndiyo, Mama."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, Mama."

Komeo lilishuka, na nyumba ikawa giza. Ilikuwa nyumba ya mbao, ya chumba kimoja na kipande, iliyojengwa kwenye mteremko wa Karuba, juu kabisa katika milima ya Masisi ambako ukungu huamka mapema kuliko watu. Ilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa limepigiliwa mbao tatu kwa misumari mirefu. Moshi wa kuni ulizunguka humo ndani ukitafuta pa kutokea. Umurerwa, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa humo na mdogo wake hadi saa sita mchana, mama yake aliporudi. Ndipo aliponawa uso, akavaa sare na kukimbilia shuleni, kwa kuwa darasa lao lilisoma mchana.

Mdogo wake aliitwa Ntwari. Alikuwa na miaka miwili na miezi miwili, na alikuwa hatembei. Mwaka uliopita alianza kusimama kwa kushika ukuta, kisha akaacha, asijulikane kwa nini. Siku hizi alikaa kwenye mkeka pale pale alipowekwa. Kila alipoamka, kitambaa alicholalia kichwa kilikuwa kimelowa jasho, hata zile asubuhi za baridi ambazo dada yake alitetemeka. Meno yake yalikuwa manne tu. Paji la uso lilikuwa limetokeza mbele, na vifundo vya mikono vilikuwa vinene, utadhani amevaa bangili chini ya ngozi. Alikohoa mara kwa mara. Ukimwinua kwa kumshika makwapa alilia, na hakikuwa kilio cha kudeka. Umurerwa aliyaona hayo yote kila siku, lakini aliyaona kama mtu asiyejua kusoma anavyoyaona maandishi ukutani.

Kilichowatia watu hofu ni miguu. Ilikuwa imepinda, magoti yakielekea huku na huku, na kila mwezi ilionekana kupinda zaidi. Mtoto wa jirani aliyezaliwa juma moja na Ntwari alikuwa tayari anafukuza kuku.

Mlango ule haukufungwa bila sababu. Kabla ya Ntwari alikuwapo Muhire, mtoto wa miaka sita, mcheshi, asiyetulia. Asubuhi moja, mnamo saa nne, jua lilipokuwa limepanda juu ya paa na kushuka uani, Athanasie alianika maharage kwenye turubai, na Muhire akapewa kazi ya kuwafukuza kuku. Watu wenye bunduki walikuwa kwenye kilima cha ng'ambo, wengine walikuwa bondeni, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ugomvi na mtoto wa kufukuza kuku. Risasi moja ilikuja hata hivyo. Umurerwa alikuwa ndani akitafuta ungo. Alisikia mlio, kisha akamsikia mama yake. Ntwari wakati huo alikuwa bado tumboni.

Baada ya maziko, Athanasie alishika nyundo kwa mikono yake mwenyewe akapigilia zile mbao dirishani. Ntwari alipozaliwa, aliapa kwamba kilima kile hakitamwona. Baba yao, Makuza, alikuwa Omate, kule Walikale, akichimba dhahabu tangu ng'ombe wao wengine walipoporwa, na habari zake zilifika kwa simu, mara moja kwa mwezi wakiwa na bahati. Kwa hiyo kile kiapo kilikuwa cha mama peke yake. Na mwanamke aliyezika mtoto, nani angethubutu kumwambia afungue mlango?

Lakini sasa hofu ya pili ilikuwa imeingia humo humo ndani. Watu wa milima hiyo wanajua kukimbia. Familia yao ilikuwa imekimbia mara tatu, na kila mara anayeweza kutembea hushikwa mkono, na mgongo wa mama hubeba kile kitakachowaweka hai njiani. Jioni moja Athanasie alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Tukikimbia tena, mi nabeba nani?" alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Nabeba mutoto ao nabeba chakula? Mutoto hatembei, Umurerwa. Ile siku ya kukimbia njo siku tutamupoteza."

"Miye nitamubeba, Mama," Umurerwa alisema haraka. "Ku mugongo yangu."

Mama yake alimtazama, kisha akaendelea kumenya. Mgongo wa mtoto wa miaka kumi na miwili hauendi mbali, na wote wawili walilijua hilo.

Juma hilo hilo aliitwa Mzee Nzabandora, mtu wa kuunga mifupa. Lazima isemwe kweli: mzee huyo alikuwa na ujuzi. Nusu ya watu wa Karuba walioanguka kutoka mitini au juu ya pikipiki walipita mikononi mwake wakapona. Lakini Ntwari hakuwa ameanguka popote. Mzee alimpapasa miguu kwa muda mrefu, mtoto akilia, kisha akauliza,

"Nani anamubebaka huyu mutoto?"

"Dada yake," akajibu Athanasie.

"Ku mugongo?"

"Ku mugongo, Muzee. Humu humu ndani, akilia."

Mzee Nzabandora akamgeukia Umurerwa. Hakusema kwa ukali, na pengine ukali ungeuma kidogo kuliko ule upole wake. "Iko hivi, mutoto yangu. Mifupa ya mudogo wako iko laini bado. Ulimupanua miguu ku mugongo yako mpaka ikakamata ile njia."

Umurerwa angeweza kuuliza: mbona watoto wote wa Karuba wamebebwa mgongoni, na miguu yao imenyooka? Mzee mwenyewe alibebwa mgongoni. Lakini mtoto akiisha kuhukumiwa na mzee mbele ya mama yake, maswali humkaukia mdomoni. Aliinamisha kichwa akaamini.

Mzee aliivuta miguu ili inyooke, akapasua mianzi, akaipanga kuzunguka miguu ya Ntwari, akaifunga kwa vipande vya kitenge kuukuu. Aliagiza kwamba kila baada ya siku mbili wafungue, wanyooshe, kisha wakaze zaidi kidogo. Aliagiza pia kwamba mtoto asibebwe tena mgongoni.

Tangu siku ile Umurerwa hakumgusa mdogo wake ila kumlisha na kumsafisha. Ntwari alimnyooshea mikono kutoka mkekani, akilia, na Umurerwa aliificha mikono yake nyuma ili isimsaliti. Ilimuuma kuliko njaa. Usingizini alijiona akitembea na mdogo wake mgongoni, na kila akipiga hatua miguu ile inapinda. Darasani mwalimu alimwita mara mbili kabla hajaitika.

Siku ya nane ilikuwa tena siku ya kufungua. Athanasie, aliyeifanya kazi hiyo mara zilizotangulia, alikuwa shambani. Umurerwa alifungua vitambaa, akaweka mianzi kando. Alitaka sana kulirekebisha kosa lake. Akashika goti la kushoto kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, akavuta kama alivyomwona mzee akivuta, kidogo tu, halafu kidogo tena.

Akasikia mlio mdogo, mkavu, kama wa ukuni mwembamba.

Ntwari alifungua kinywa na sauti haikutoka. Kisha ikatoka. Umurerwa hakukumbuka alivyoinua komeo. Alijikuta uani, jua likimchoma macho, akipiga kelele kuelekea mashambani, "Mama! Mama we! Kuya! Nimemuvunja! Nimemuvunja!"

Athanasie alipanda kilima mbio, matope hadi magotini. Aliuona mguu umevimba chini ya goti. Hakumpiga Umurerwa, hakumkemea. Alimfunga mtoto ndani ya blanketi kuanzia miguu hadi kichwa, uso nao ukafunikwa, akashika njia ya kituo cha afya. Ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Umurerwa alifuata nyuma yake bila viatu, na njia nzima alitazama visigino vya mama yake, kwa kuwa hakuthubutu kutazama juu zaidi.

Muuguzi wa zamu aliitwa Gentille, mwanamke mfupi ambaye miwani yake ilishikizwa kwa uzi. Watu wote walimwita Muganga. Alimpa Ntwari dawa ya maumivu, akauweka mguu kwenye kibao kilichotandikwa pamba, akaufunga taratibu. Mtoto alipotulia, wao walidhani kazi imekwisha. Gentille hakuinuka. Alipapasa kichwa cha Ntwari, akakuta utosi bado uko laini mahali ambapo ulipaswa kuwa umefunga. Akashika kifundo cha mkono, akakigeuza geuza. Akapitisha kidole kifuani, na Umurerwa akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona ingawa alimwogesha mtoto kila siku: kwenye mbavu kulikuwa na vinundu vidogo, kimoja baada ya kingine, kama punje za rozari.

"Ulimuvuta kwa nguvu?" Gentille alimuuliza Umurerwa.

"Hapana, Muganga. Kidogo tu."

"Mufupa ya muzima haivunjike kwa kidogo." Akamgeukia mama. "Mama, jasho ya kichwa iko?"

"Iko. Kila siku."

"Alianza kusimama, kisha akaacha?"

Athanasie alishangaa. "Nani alikuambia?"

"Anakunywa maziwa?"

"Tuko na ng'ombe moya, lakini maziwa yote inaendaka kuuzishwa ku barabara. Yeye anakula viazi na bugali, na chai."

"Na inje? Anapata jua?"

Athanasie alivuta blanketi. "Kila siku, Muganga. Iko anacheza inje na wenzake."

Gentille alikunja uso. Alitazama tena vifundo, akatazama mbavu, na safari hii alikuwa mtu anayeona hesabu isiyotimia. "Hapo njo sielewi," alisema. "Kama jua anapata, basi itakuwa ugonjwa ingine, pengine ya figo. Mi siko na vyombo vya kuipima hapa. Itabidi mumushushe Goma, mutoto na mufupa yake ile ile. Kesho."

Umurerwa aliijua barabara ya Goma. Juma lile lile magari mawili yalikuwa yamezuiwa na watu wenye silaha, na wanawake waliokuwemo walirudi kwa miguu, wengine wakiwa hawasemi. Alimtazama mama yake. Athanasie alikuwa akikubali kwa kichwa. Alikuwa tayari kupita njia ile na mtoto mwenye mfupa uliovunjika, kuliko kusema mbele ya muganga kwamba alimfungia mwanawe gizani.

Kumkanusha mama yako mbele ya mgeni si jambo dogo, na Umurerwa alilelewa vizuri. Maneno yalimkwama mara mbili, na mara ya tatu yakatoka.

"Muganga, Ntwari hatokake inje."

"Umurerwa!"

"Hatokake, Mama. Tangu azaliwe. Mulango iko inafungwa, dirisha iko na misumari." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na miye njo nilimupinda miguu, ku mugongo. Muzee alisema. Na leo nimemuvunja. Makosa iko yangu, Muganga, usitume mama yangu Goma."

Nje mtu alikuwa akitwanga. Athanasie alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, na aliposema, sauti yake ilitoka kwa mbali.

"Muhire yangu alikufia mu jua, Muganga. Saa ine ya asubui, mu kiwanja yangu. Maharage ilikuwa imeanikwa. Huyu nikamuficha. Nilisema risasi haitamuona."

Gentille alivua miwani. Yeye naye alikuwa mtu wa milima hiyo, na hakuwa na haja ya kuuliza ni risasi ya nani. Alimwacha mama alie hadi akamaliza.

"Mama Athanasie," alisema kisha, "kuogopa hukukosea. Lakini sikia. Mwili inatengenezaka kitu moya, tunaiita vitamini D. Inaitengeneza mu ngozi, wakati jua inapiga ile ngozi. Bila hiyo, kile chakula chenye kujenga mifupa kinapita tu mu tumbo, hakiingie mu mifupa. Mifupa inabakia laini. Inapinda, kifua inakuwa zaifu, meno inachelewa. Na siku moja mutu anashika mufupa kidogo, unavunjika."

"Nilimunyonyesha miaka miwili," Athanasie alisema.

"Ulifanya vizuri. Lakini maziwa ya mama iko na vitamini hiyo kidogo sana. Mutoto anaipata ku jua, na kidogo ku yai na ku samaki. Wako hakupata jua, hakupata yai, na maziwa ya ng'ombe yenye kukomaza mifupa iliteremuka barabara."

Umurerwa aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mugongo yangu?"

Gentille alimshika kidevu akamwinua uso. "Mugongo haipindishake mutoto. Sisi wote hapa tulibebwa ku mugongo. Ile mianzi na kumuvuta, hiyo njo ilivunja mufupa, na ungeambiwa ukweli mapema usingemuvuta. Muzee Nzabandora iko fundi ya mufupa yenye imevunjika. Huu haukuwa umevunjika, ulikuwa unaumwa. Nitaenda kuongea naye mi mwenyewe."

"Na mbona miye sikupinda? Tunakaa nyumba moya."

"Weye unaenda masomo kila siku. Jua inakupata mu njia, hata siku ya mawingu inakupata kidogo. Mudogo wako, ukungu ao jua, kwake ilikuwa sawa tu."

Gentille alimpigia simu daktari wa hospitali kubwa, akamweleza kila alichokiona, safari hii bila chembe ya uongo ndani yake. Daktari alikubali kwamba waanze matibabu pale pale, na kwamba angempima Ntwari mwenyewe atakapopita kituoni. Akataja kipimo cha dawa. Gentille akamdondoshea Ntwari matone ya vitamini hiyo ulimini, akampa mama dawa nyingine ya kujenga mifupa, akaonya kwamba asithubutu kununua chupa sokoni amwongezee, kwa maana vitamini hiyo ikizidi nayo inaumiza. Kibao kikae wiki nne. Kila asubuhi na kila jioni, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa kiwe cha Ntwari kabla bidoni halijatoka nyumbani. Mayai yakipatikana, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliwe na mifupa yao. Na kila siku jua la nusu saa hivi, mikono na miguu ikiwa wazi.

"Na risasi?" Athanasie aliuliza. Ndilo lilikuwa swali lake la tangu mwanzo.

"Siwezi kukudanganya kama risasi imekwisha," Gentille akajibu. "Ukisikia bunduki, ingia, funga mulango. Lakini siku yenye haina bunduki, usifunge mulango."

Walirudi nyumbani kabla ya mvua. Athanasie alimbeba Ntwari mikononi, na mahali fulani njiani, bila kusema kitu, alifunua uso wa mtoto.

Kesho yake ilipofika saa nne, Athanasie hakwenda shambani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukingo wa udongo na mikaratusi mirefu, jua halikuingia huko. Jua lilikuwa mahali pamoja tu, uani, mbele ya kilima. Athanasie alishika komeo, akaliacha. Akalishika tena, akaliacha. Umurerwa alisimama na Ntwari mikononi. Mara ya tatu mama yake aligeuka akachukua jembe, akaingiza ncha yake chini ya mbao za dirisha, akang'oa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Misumari ililia. Mwanga uliingia, na kwa mara ya kwanza waliona jinsi masizi yalivyojaa ukutani.

"Lete nyundo," alisema. "Tufanye kiti."

Kwa mbao zile zile walitengeneza benchi fupi. Siku iliyofuata, saa nne, komeo liliinuliwa. Athanasie aliweka benchi uani, akakaa akiitazama nyumba yake, kilima kikiwa nyuma yake. Ntwari aliwekwa mbele yake, miguu wazi, kibao kimenyooka, jua likimshukia kutoka juu ya paa. Mtoto alifumba macho akalia, maana mwanga ulikuwa kitu kipya kwake. Umurerwa alijiuliza kwa nini mama amekaa hivyo, kisha akaelewa. Mgongo wote wa mama yake ulikuwa umesimama kati ya mtoto na kilima.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Athanasie alitokwa jasho kwa nusu saa nzima, na si kwa sababu ya joto. Alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka mahali ambapo maharage yalimwagika siku ile. Lakini alikaa.

Wiki nne zikapita na kibao kikatolewa. Daktari naye alimpima, akasema kwamba Gentille hakukosea. Jasho la kichwa lilipungua, jino la tano likachomoza, na la sita. Siku ya kurudi kituoni Umurerwa alimfunga Ntwari mgongoni kwa mara ya kwanza tangu maneno ya mzee, na mtoto akalaza shavu lake pale palipo pazuri kwake, akalala. Umurerwa alilia kidogo njiani, mahali ambapo mama yake hakumwona. Gentille aliwaambia bila kuficha kwamba miguu ingenyooka polepole, huenda mwaka mzima, na kwamba ule wa kushoto huenda ukabaki na kona kidogo maisha yote, kwa sababu walichelewa. Kisha akamwambia Umurerwa, "Weye sasa unajua kusoma alama ya ugonjwa hii. Ukiona mutoto mwenye jasho ya kichwa, mwenye meno inachelewa, vifundo vinene, aliyesimama kisha akaacha, ambia mama yake amulete hapa mbele ya kuita mutu wa kufunga mianzi."

Mwezi wa tano tangu benchi litengenezwe, bunduki zilisikika. Zilikuwa mbali, upande wa Bihambwe, lakini Athanasie alimnyakua Ntwari kabla mwangwi haujaisha. Mlango ulifungwa siku ile. Ukafungwa na ya pili, kwa maana milio iliendelea. Siku ya tatu kulikuwa kimya. Ng'ombe wa watu walipelekwa malishoni, wanawake wakashuka mashambani. Saa nne ilifika, na Athanasie alikuwa ameinamia viazi vyake, haangalii mlango. Dirisha alikuwa ameliziba kwa gunia. Umurerwa aliona yote yanaanza upya.

Ntwari alikuwa mkekani. Alishika kidumu cha maji, akajiinua, jambo aliloanza tena mwezi uliopita. Alisimama akiyumba, miguu ile yenye kona ikimtetemeka. Kisha akakiachia kidumu. Akapiga hatua moja. Umurerwa aliziba mdomo wake kwa mkono. Mbili, tatu, akayumba, nne, tano, sita, na akaangukia mlango kwa viganja vyote viwili. Akaupiga.

"Inje!" alisema. Akaupiga tena. "Inje!"

Kisu kilianguka kwenye beseni. Athanasie aliinuka, akamwendea mtoto wake, akapiga magoti pale mlangoni na kumshika miguu ile miwili, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Umurerwa," alisema hatimaye, "kumbuka hii siku ukiwa na batoto yako. Mutoto anahitaji ukuta, na anahitaji jua. Miye nilimupatia ukuta tu, nikasema ile njo mapendo. Na mbele ya Muganga nilificha aibu yangu, karibu nimupeleke mutoto ku njia ya kifo kwa neno ya uongo. Weye ulisema ukweli. Iliniuma sana. Ile ukweli njo iliponya mudogo wako. Mutu mugonjwa usimufiche, na kwa muganga usidanganye."

"Ndiyo, Mama."

Athanasie alisikiliza. Bondeni mtu alikuwa akiita ng'ombe wake kwa jina. Hakukuwa na sauti nyingine. Aliinua komeo akatangulia kutoka, akakaa kwenye benchi na kukipa kilima mgongo. Kisha akafungua mikono, na Ntwari akavuka kizingiti kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kidole cha dada yake.